Mkono Ulioganda Hewani

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyeacha shughuli zako ukaja kukalia kiti chetu chenye mguu mmoja mfupi na wala hukununa. Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa. Ndugu mhandisi mkuu wa kampuni iliyotuletea mkongo wa intaneti, yaani faiba. Mafundi, wachimbaji na wapanda ngazi. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi majirani zangu, ambao leo mmependeza mpaka wengine nimewatambua kwa sauti tu: nawasalimu nyote kwa furaha.

Kabla sijaendelea naomba radhi kwa watu wa itifaki. Asubuhi nikiwa navaa, mama yangu mzazi alinisimamisha mbele ya kioo akaniuliza kwa mikono, maana mama yangu ni kiziwi na mikono ndiyo kinywa chake: "Nani utamsalimia kwanza?" Nikamjibu, mgeni rasmi. Akatikisa kichwa. "Na dada yangu je?" Nikamwambia, Mama, dada yako hayupo ukumbini, yuko mji mwingine kabisa. Akanitazama vile anavyonitazama nikiunguza chakula. "Atakuwepo," akasema. "Tena yeye ni mkubwa kuliko wote hao."

Basi geukeni ukutani. Yule mama mwenye miwani pale kwenye kitambaa cheupe, aliyeketi kwenye kochi lake na kikombe chake cha chai, ndiye Mama Mkubwa. Yuko kwake, mbali kweli kweli, na anatuona sasa hivi kuliko mnavyotuona nyinyi wa viti vya nyuma. Mpungieni mkono. Mmeona? Amepunga kabla hamjashusha yenu! Hakuna kukwama, hakuna kuganda, hakuna lile duara la kuzunguka katikati ya uso wa mtu. Mama Mkubwa, shikamoo! Dada mkalimani wetu wa lugha ya alama hapa kushoto anamfikishia. Anasema marahaba. Anasema pia nimenenepa. Dada mkalimani, hayo mengine si lazima uyatafsiri.

Wageni wetu huenda mnajiuliza, msusi wa nywele amefikaje kuwa mwenyekiti wa kamati ya faiba? Sikugombea. Siku ya mkutano wa kwanza, humu humu ukumbini, simu yangu iliita, na kwa kuwa humu ndani mtandao ulikuwa haukamati hata ungepanda juu ya meza, nikatoka nje. Nikazunguka jengo, nikasimama karibu na tangi la maji, nikanyoosha shingo, nikaongea. Niliporudi nikakuta watu wananipigia makofi. Nimeshachaguliwa! Nilipouliza kwa nini mimi, nikaambiwa nimeonekana kuwa mtu mwenye uchungu na suala la mtandao. Mtu anatoka kupokea simu, anarudi na cheo.

Lakini uchungu nilikuwa nao kweli, na leo nautaja hadharani kwa sababu umekwisha.

Mama yangu na Mama Mkubwa walizaliwa viziwi wote wawili. Walikulia chumba kimoja wakiongea kwa lugha ya alama, na ndani ya lugha hiyo wakajitengenezea ya kwao, yenye njia za mkato na vijembe ambavyo hata dada mkalimani anakiri vinamshinda. Marehemu baba yangu, yule wa kofia, majirani mnamkumbuka, alikuwa anasikia vizuri kabisa, ila alijifunza lugha hiyo mpaka akawa anaota nayo. Mama anasema usiku mwingine alikuwa anachapwa kibao na mtu anayeongea usingizini. Mimi nililelewa kwa bibi mzaa baba, nikarudi kwa wazazi wangu nikiwa msichana mkubwa, na mikono yangu ni ya kusuka. Kwenye maongezi naonekana kama mtu anayefukuza nzi. Naweza kumuuliza Mama kama amekula, kama amelala, anaumwa wapi. Lakini kupiga naye soga, kumteta mtu vizuri, kumchekesha kwa jambo la nusu neno, siwezi. Baba aliweza. Baba alipotutoka, akabaki Mama Mkubwa peke yake.

Na Mama Mkubwa yuko kule, na magoti yake na safari walishaachana zamani. Sasa niambieni, ndugu zangu: sisi tunaosikia tukipata simu mbovu si tunapiga kelele hivyo hivyo, "haloo, haloo, umenisikia?", na mambo yanakwenda? Kiziwi afanye nini? Kwake picha ndiyo sauti. Picha ikiganda, dada yake amezibwa mdomo. Picha ikirukaruka, maneno yanafika yamekatwa vichwa na miguu. Kule kwa Mama Mkubwa faiba ilishafika zamani, ubovu wote ulikuwa wa kwetu. Nilimpandisha Mama kwenye stuli. Nilimsimamisha dirishani. Nilimpeleka kwenye tangi la maji, simu kaishika kwa mkono mmoja, na mkono huo huo ndio nusu ya kinywa chake.

Halafu ikaja ile siku. Mama Mkubwa alitokea kwenye simu uso umemjaa habari, mtu unamwona tu kwamba asipoisema itampasua. "Yule wa Kichana unamkumbuka?" akaanza. Mama akakaa vizuri. Yule wa Kichana, wageni wangu, ni mwanamume aliyetaka kumwoa Mama enzi za ujana wake, kijana wa nywele! Nywele nyingi, nyeusi, zilizopakwa mafuta zikapakika, na kichana mfukoni wakati wote. Ndiyo maana dada hawa wawili walimpa jina la mikono la kuchana kichwa. Mama alimkataa, na ukoo mzima ukamshangaa, Mama Mkubwa akiwa mstari wa mbele. "Yule wa Kichana uliyemkataa wewe," Mama Mkubwa akasema, "unajua ame..." Mkono ukapanda, ukafika usawa wa sikio, na picha ikaganda.

Amefanya nini? Amekufa? Ameoa tena? Ametajirika? Amefungwa? Amepiga simu kuulizia?

Hakuna aliyejua! Walipigiana tena, picha ikakatikia kwenye salamu. Wakapigiana wiki nyingine, ikakatikia kwenye "yule wa". Mtasema, si angeandika? Kina mama hawa shule ilipita mbali na nyumba yao. Kuandika kwao kunaishia kwenye jina na "nimefika salama". Si angerekodi akatuma? Mama Mkubwa alikataa katakata. Alisema habari hii anataka auone uso wa mdogo wake inapomwingia. Nikajitolea mimi nimuulize kwa niaba, Mama akanitolea macho: mambo ya ujana wake hayapitii kwa mtoto. Mkono ule ukabaki hewani, mwaka ukapita, na mwingine ukaja.

Mwanzoni tulicheka. Baadaye nikaona kitu ambacho hakikunichekesha. Mikono ya Mama ilianza kukaa mapajani. Narudi kutoka saluni namkuta kwenye kiti, mikono imelala mmoja juu ya mwingine, haisemi kitu. Namuuliza habari, ananijibu kwa kichwa. Mtu anayesikia akinyamaza, nyumba nzima inajua. Mama yangu alikuwa ananyamaza na hakuna aliyejua ila mimi. Niliogopa, ndugu zangu. Hiyo ndiyo sababu nilikipokea cheo hiki, ingawa wakati huo faiba na uzi wa kusukia nilikuwa sioni tofauti yake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kazi ilivyoanza mtaa ulifurahi kwa muda wa kutosha kunywa chai, kisha ukagawanyika. Kuna waliotaka mtaro upite mbele ya geti lao na kuna waliotaka upite kwa jirani. Kuna Mzee Bomba, fundi wetu wa maji, aliyeyalaza mabomba ya mtaa huu karibu yote, ambaye aliweka kiti chake kando ya mtaro na kila sururu iliyoinuka aliuliza, "Hapo umepaona lakini?" Wachimbaji walikonda. Mzee Bomba, simama wakuone. Hakuna hata bomba moja lililopasuka, na wachimbaji wameniomba niseme leo, mbele ya watu, kwamba wanakupenda sana na hawataki kukuona tena.

Kisha wakaja watu wa kuunganisha, na mbele yao dada mmoja mwembamba mwenye sanduku. Ndani ya sanduku, mashine yake ya kuunganishia. Ndani ya kichwa chake, adui mmoja tu, vumbi. Tukambandika jina la Fundi Vumbi siku hiyo hiyo. Alituonyesha uzi wa kioo wenyewe, akauvua gamba mpaka ukabaki kitu ambacho mimi, ninayeshika nywele tangu asubuhi hadi jioni, nilikuwa sikioni mpaka kiguswe na jua. Akasema mwanga utapita humo ndani, na ndani ya mwanga kila kitu: sauti, picha, sinema, mahubiri, umbea. Akaufuta kwa spiriti, akaukata ncha, akauweka kwenye mashine akauelekeza kwa mwenzake, akainua kidole. "Msipumue!" Ndugu mgeni rasmi, tuliacha kupumua. Wanaume wazima walisimama barabarani wamebana pua. Mwuza mitumba alikuwa anapita, naye akaacha kupumua bila kujua ni kwa nini. Mashine ikatoa cheche kidogo, nyuzi mbili zikawa moja, Fundi Vumbi akashusha kidole, mtaa ukashusha pumzi.

Na Mama alikuwepo! Kuanzia siku hiyo alitoka na stuli yake kila asubuhi akaketi kando ya mafundi. Hakupitwa na kitu. Akawapa wote majina ya mikono: Fundi Vumbi ni huyu hapa, vidole viwili vimebana pua, wa ngazi ni yule anayepandisha suruali. Ndugu mhandisi mkuu, lako unalo pia, ila dada mkalimani anasema tuliache. Alijifunza kwa macho kila hatua, na mtaa ukaanza kumheshimu. Watu walimfuata nyumbani wamwulize kwa ishara lini zamu yao. Kila mtu aliamini Mama ni nusu fundi, na Mama mwenyewe hakukanusha.

Sasa hapo ndipo pa kushika viti vyenu.

Ilifika siku waya uliingia majumbani. Kila nyumba, uzi mwembamba unapenya ukutani, unaingia kwenye kisanduku chenye vitaa, na fundi anaacha akiba ya waya ikining'inia kando, imezungushwa duara pana kama sahani, ili siku ukitaka kuhamisha kisanduku usianze upya. Fundi Vumbi alituambia sebuleni kwetu, kama alivyosema kila nyumba, kwa sauti kubwa: duara hili lisipunguzwe, lisikunjwe, lisibanwe. Wote tulisikia. Mama alikuwa jikoni.

Mafundi wakaondoka. Mama akarudi sebuleni akaona waya unaning'inia ukutani kwake. Mnaoijua nyumba yetu mnajua maana yake. Mama yangu hawezi kuona pazia limekaa upande akaweza kulala. Akadhani mafundi wamechoka, masikini, hawakumaliza. Akauchukua ule waya, akaukunja, akaukunja tena, akausokota, akauzungushia uzi mweupe wa kushonea, akaubana nyuma ya kabati la vyombo, kifundo kidogo kizuri ajabu, utadhani kitufe cha koti. Nilivyorudi akanionyesha. Nikapiga makofi! Ungeona ulivyokaa, nawe ungepiga.

Kisha, kwa kuwa yeye ni nusu fundi, akatoka na kibunda chake cha uzi akaenda kuwafundisha majirani. Nyumba hadi nyumba. Na majirani, mliosikia kwa masikio yenu kwamba usikunjwe, mlifanya nini? Mlikunja! Mlisema Mama ameshinda na mafundi mtaroni, bila shaka wamemwambia ya ndani. Msiinamishe vichwa, tupo sote.

Siku ya majaribio ilipofika, Ndugu mhandisi akawasha mwanga kwenye kabati la mtaa, lile la nje linalogawia nyumba zote nyuzi. Kwenye kisanduku taa ya kijani maana yake mwanga umefika; nyekundu ya kupepesa, haujafika. Mtaa mzima, nyekundu. Nyumba hadi nyumba, nyekundu inapepesa. Kwetu ikaleta kasheshe ya peke yake, maana kengele ya mlango wetu ni taa: mgeni akibonyeza nje, balbu inapepesa ndani ili Mama aone. Sasa Mama akiona kitu kinapepesa, anakwenda kufungua mlango. Hakuna mtu. Anarudi, kinapepesa. Anakwenda. Hakuna mtu. Nilimkuta amejificha nyuma ya mlango na ufagio, anasubiri kumkamata mtukutu anayemchezea.

Nje mambo hayakuwa ya kuchekesha. Mhandisi alisema jambo la maana kabisa: nyumba moja ikikosa mwanga, tatizo ni la nyumba hiyo, mtaa mzima ukikosa, tatizo liko kwenye kabati, kwenye viungo. Na viungo ni vya nani? Ni vya Fundi Vumbi. Nilimwona dada huyu akiwa amesimama mbele ya kabati, spiriti mkononi, anafuta kisichohitaji kufutwa. Mhandisi akasema basi, timu ihamie mtaa unaofuata, huku watarudi kufumua na kuunganisha upya wakati nafasi ikipatikana. Lini? Hakusema, na mimi sikumlaumu. Lakini nilipogeuka nikamwona Mama kizingitini, amesoma nyuso zetu zote. Alirudi ndani akakaa, na mikono akaiweka mapajani.

Ndugu zangu, nililia pale pale barabarani, na nilikuwa nimevaa beji ya uenyekiti.

Fundi Vumbi ndiye aliyekataa. Aliomba apite nyumba zote kwa miguu kabla ya kuhama. Akapita. Na kumbe nyumba chache zilikuwa na kijani! Mwanga umefika, safi, hauna dosari. Akasimama akajiuliza hizi zina nini ambacho wengine hawana. Kaingia ya kwanza, ya kapera wa kona: viatu juu ya meza, sufuria kitandani. Kaingia ya pili: nguo zimetengeneza mlima, mbwa kalala juu ya mlima. Kaingia ya tatu, na hapa, Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, naomba unisamehe kama mwanao, lakini mkeo alikuwa amesafiri na historia lazima isemwe. Mwanga ulikuwa umefika kwa wachafu tu!

Fundi Vumbi akaja mbio kwetu, nyumba nadhifu kuliko zote. Akafunga mapazia chumba kikawa giza. Akachukua kakalamu kake ka mwanga mwekundu, ka kutafutia mahali waya ulipoharibika, akakachomeka kwenye waya pale ukutani, na nyuma ya kabati la vyombo pakawaka. Kile kifundo cha Mama, jamani! Mwanga wote uliokuwa unataka kupita ulikuwa umebanwa pale kwenye mikunjo, unavuja, unang'aa mwekundu kupitia kwenye uzi mweupe. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kikiwa kibovu hivyo. Mama akaona. Mama akaona moto! Akaruka jikoni akarudi na ndoo ya maji, na Fundi Vumbi akajitupa kifudifudi juu ya kisanduku na mikono ameitanda, anapiga kelele "Mama, hapana! Mama, hapana!" kwa mtu asiyesikia. Nilimdaka Mama kiunoni. Nusu ya maji yalituishia sisi wawili na nusu yakamwishia Fundi Vumbi mgongoni, na kisanduku kikapona.

Tulipomaliza kutweta, Fundi Vumbi alimshika Mama mkono akamwonyesha taratibu. Akakata ule uzi wa kushonea. Akaufungua waya mkunjo mmoja, wekundu ukapungua. Mkunjo wa pili, ukapungua tena. Akaufungua wote, akachukua sahani kabatini, akauzungusha waya kufuata ukingo wake, na wekundu ukazima kabisa. Akachomoa kalamu, akarudisha waya kwenye kisanduku. Kijani.

Mama aliitazama ile taa. Akanitazama mimi. Akautazama mlango, ule aliokuwa anaufungua siku nzima. Kisha akafunika uso kwa viganja vyote viwili na mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikadhani analia, nikamtoa mikono usoni. Alikuwa anacheka! Anacheka machozi yanamtoka. Akaikwapua ile sahani, akaitia kwapani, akatoka mbio na kanga yake yenye maji, nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, anakata nyuzi, anafungua vifundo, anapima kwa sahani, na nyuma yake mtaani taa zinageuka kijani mlango mmoja baada ya mwingine, na watu wanatoka nje wanapiga mayowe utadhani timu imefunga bao.

Sahani ile, Ndugu wageni waalikwa, ni hii hapa mkononi mwangu. Ina ufa kidogo, ilidondoka nyumba ya mwisho kwa furaha. Fundi Vumbi, inuka dada yangu, njoo uipokee. Kamati imekubaliana kwa kauli moja kwamba hatuna zawadi nyingine inayokustahili. Ulisimama kwenye jua ukishukiwa, hukumnyooshea mtu kidole, na uliponyeshewa ndoo ulicheka. Mpigieni makofi! Na kwa faida ya kina mama wawili, mmoja hapa mbele na mmoja pale ukutani, makofi yetu leo ni haya: mikono juu, vidole vitandazwe, mtikise. Juu zaidi. Mheshimiwa mgeni rasmi, na wewe. Mama anasema unaweza vizuri.

Nimalizie na jioni ile ile. Mama alibadilisha nguo, akapaka mafuta, akakaa mbele ya skrini. Tukapiga. Mama Mkubwa akatokea, mzima mzima, kope unaziona. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti na niliruhusiwa kubaki kwa sharti la kutoingilia. Hawakusalimiana. Mama hakuuliza hali, hakuuliza magoti. Aliinua mkono akauweka usawa wa sikio, pale pale ulipoganda ule wa dada yake, akausimamisha hapo, akainua nyusi. Yaani: haya, malizia.

Mama Mkubwa akajinyoosha kwenye kochi kama mtu anayeanza kula. "Yule wa Kichana," akasema, "uliyemkataa wewe, unajua ame..." Mkono ukapanda. Ukafika usawa wa sikio. Nikaacha kupumua, ndugu zangu, kwa mazoea tu. Mkono ukapita sikio, ukafika juu ya kichwa, ukateleza kutoka utosini mpaka shingoni, taratibu, pasipo kukwama na chochote.

Amepata upara!

Upara mtupu! Nywele zote, mafuta yote, na kichana bado anacho mfukoni, kwa mujibu wa Mama Mkubwa, anachania nyusi! Mama aliteleza kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni. Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Baba alipokuwa hai, kile cha kiziwi, kisichojua kujizuia kwa sababu hakijisikii. Na kwa nini alicheka hivyo? Majirani mmeshaelewa, wageni hamjui. Marehemu baba yangu hakuwa mtu wa kofia bure. Baba alikuwa na upara tangu ujana. Siku Mama anamkataa mwenye nywele na kumchukua asiye nazo, dada yake alimcheka wiki nzima, na Mama alimjibu neno moja tu: "Huyu amejifunza kuongea." Yule wa Kichana hakuwahi kujifunza hata "habari" kwa mikono. Baba alijifunza mpaka usingizini.

Mama aliinuka sakafuni. Nilidhani anarudi kwenye kiti. Hakurudi. Alikwenda mpaka kwenye picha ya Baba ukutani, ile amevua kofia, akasimama mbele yake, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akamsimulia. Yote, kuanzia kichana. Mkono ulivyopanda, ulivyoteleza. Kwenye skrini Mama Mkubwa alikuwa amevua miwani anajipangusa, na mimi sikuona vizuri mwisho wake kwa sababu macho yangu nayo yalikuwa yameharibika. Tangu jioni ile mikono ya Mama haijakaa mapajani. Chakula kinaungua, na safari hii anayeunguza si mimi.

Namshukuru mgeni rasmi, nawashukuru mafundi, wachimbaji, Ndugu mhandisi aliyekubali kusubiri, na wachafu wa mtaa huu ambao bila wao tusingejua ukweli. Nilikuwa na kurasa nyingine, lakini tangu nilipotaja upara naona Mama na Mama Mkubwa wanaongea wao kwa wao juu ya vichwa vyenu, na mikono inakwenda kasi. Dada mkalimani, wanasema nini? Usiogope, sema.

Anasema Mama Mkubwa anauliza binti huyu atamaliza saa ngapi, maana anaziba, na wao wana mazungumzo.

Namaliza, Mama Mkubwa, nashuka! Nyote mliosikia, asanteni kwa kunisikiliza. Na nyinyi wawili, mama zangu, asanteni kwa kunitazama. Haya, nimeondoka hapo katikati. Endeleeni.